Herufi za Shangazi kwenye Kompyuta ya Ndani

Shangazi yangu anadarizi kanzu Kariakoo, na michoro yake huitengeneza kwa programu ya zamani ambayo kompyuta mpya zinaikataa. Fundi aliyemletea kompyuta mpya alimwekea mfumo wa kompyuta yake ya zamani ndani ya hiyo mpya, ukawa unafunguka kwenye dirisha lake, kama kompyuta ya pili iliyomezwa na ya kwanza. Shangazi akazoea. Macho yalipoanza kumsumbua, akanipigia nikamkuzie maandishi na kupunguza ule weupe wa kioo uliokuwa unamtoa machozi.

Nilitembea kutoka Upanga, nikakatiza Mnazi Mmoja, nikidhani ni kazi ndogo. Nikamwamkia, nikaketi, nikaweka mandharinyuma nyeusi na herufi kubwa. Kila kitu kikabadilika isipokuwa lile dirisha. Humo mlikuwa na weupe uleule.

Nikamweleza kwamba kompyuta ya ndani ina mipangilio yake yenyewe. Akauliza, kwani si kompyuta moja? Nikasema ni moja, halafu nikasema ni mbili, nikasikia kabisa kwamba hata mimi sijielewi. Nikabadilisha na ndani. Menyu zikawa nyeusi, lakini maandishi ya programu yake yakabaki meusi juu ya weusi, hayasomeki. Nikarudi nje kurekebisha, dirisha zima likasinyaa. Sikujua tena kipi kinatawala kipi.

Hapo akaingia mzee mmoja aliyetaka kanzu ya harusi ya mwanawe. Shangazi akavuta kiti afungue mchoro. Akapeleka mausi moja kwa moja pale kitufe kilipokuwa siku zote, akabofya. Hakuna kitu. Akabofya tena, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, mimi vile vitufe sivisomi. Navijua vinapokaa."

Nilitahayari. Nikarudisha kila kitu cha ndani na ukubwa wa dirisha kama vilivyokuwa, nikakuza majina ya michoro peke yake, na mwanga nikaupunguza kwa kitufe cha pembeni ya kioo, ambacho sikuwa nimekifikiria kabisa. Akasema sasa panatazamika. Akamfungulia yule mzee mchoro, wakaanza kubishana kuhusu shingo ya kanzu.

Kona moja ya dirisha la ndani ilibaki nyeusi. Nimeihangaikia mara kadhaa tangu hapo, na bado sijui rangi hiyo inatoka kompyuta ipi. Shangazi anasema haimsumbui.