Meza ya Ardis kwenye Chumba cha Kufulia

Dada yangu Ardis alipika chakula cha shule ya mji wetu kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka hiyo yote hakuna mtoto aliyeumwa tumbo kwa mkono wake. Naanza na hilo kwa sababu watu wa hapa wamelisahau upesi mno, na kusahau kwao kunanikera mpaka leo.

Mumewe, Lyle, alianguka mwezi wa pili akiondoa theluji mlangoni, na hakuinuka. Maua ya mazishi hayajanyauka bado, wanaume wa mji wakaanza kuja mmoja mmoja, kofia mkononi, kuulizia mashine yake. Lyle alikuwa akijaza risasi zake mwenyewe tangu ujana, kama walivyo nusu ya wanaume wa Montana. Unaokota maganda yako baada ya kupiga, unayasafisha, unayatia fataki mpya ya kuwashia, baruti mpya na kichwa kipya. Mashine yake ilikuwa ya mkono, chuma kizito cha rangi ya kijani, ya zamani, na kila mwindaji wa hapa alikuwa akiimezea mate. Wote walisema wanataka kumpunguzia mjane mzigo. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Duane, mume wangu mimi.

"Shemeji, ile mashine itakusumbua tu," alimwambia. "Mwanamke peke yako utaifanyia nini?"

"Nitajazia risasi, Duane. Wewe ulidhani ni ya kusagia nyama?"

Kibanda cha Lyle hakikuwa na joto, kwa hiyo Ardis aliamua kuweka meza yake ndani ya nyumba, kwenye chumba cha kufulia. Uso wa meza aliufanya kwa mlango wa zamani wa stoo ya jiko la shule, ubao mmoja mnene ambao watu wawili huubeba kwa kupumzika njiani. Aliufunga ukutani kwa boliti, akaweka miguu minne ya mbao nene, kisha akapanda juu yake na kurukaruka. Meza ikitikisika mashine haifai kitu. Mizani aliiweka pembeni, mbali na mlango na mbali na hita, kwa sababu ile mizani ni nyepesi kiasi kwamba ukiipumulia inasema uongo. Ilimchukua wiki tatu. Nilimshikia taa.

Halafu akatangaza sheria, kwa sauti ile aliyokuwa akiwapangia nayo watoto mstari wa chakula. Meza haiguswi na mtu mwingine. Kopo la baruti linalokaa mezani ni moja tu, mengine yote rafuni. Akiwa anapima, hakuna kumsemesha, hata nyumba ikiungua. Na ile chupa ya kipimio, inayogawa baruti ganda kwa ganda, haiachwi na kitu ndani. Ukiitwa, unaimwaga kwanza kwenye kopo lake ndipo unaondoka. Sheria hizi si zake. Ni za kila mtu hapa mwenye meza ya namna hiyo, kama ilivyo kwamba huwezi kupiga risasi iliyojazwa na jirani. Risasi ya kujaza ni kama mswaki, haiazimwi. Ni watu wa nyumba moja tu wanaoaminiana hivyo. Signe, binti yake Ardis, alipiga risasi za babake tangu ana miaka kumi na miwili, na babake alipofariki akapiga za mamake bila kuuliza.

Kwenye mkahawa wa Bernice walicheka majira yote ya kiangazi.

"Ardis, unatia chumvi kiasi gani?"

"Ya kukutosha wewe na ulimi wako, Vernon."

Alikuwa na jibu kwa kila mmoja. Na Agosti, kwenye uwanja wa shabaha, alipiga matundu matano ambayo ungeyafunika yote kwa kifuniko cha chupa ya maziwa. Kicheko kikapungua. Duane alikunja ile karatasi ya shabaha na kumrudishia.

Oktoba, siku mbili kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa, bomba la mashine ya kufulia lilianza kuvuja. Duane akaenda kulitengeneza. Alimkuta Ardis mezani anajaza risasi za Signe, amefika katikati. Simu ikalia. Jiko la kanisa limekufa, kuna mazishi saa saba, watu themanini hawana chakula, na kila mtu anapiga kelele. Ardis alivaa koti na kukimbia. Baruti ilibaki kwenye kipimio, kopo lake limesimama kando. Hilo lilikuwa kosa lake, na sijawahi kumsikia akilikana.

"Duane, fanya kazi yako na bomba. Meza usiguse."

"Siigusi, shemeji. Nimesikia."

Aliporudi jioni bomba lilikuwa zima, sakafu kavu, kila kitu mezani kama alivyokiacha. Akamalizia maganda yaliyobaki.

Jumamosi asubuhi, juu ya kijito cha Antler, Signe alimlenga kulungu dume aliyekuwa umbali mzuri, akapiga, akamkosa. Akapiga ya pili. Bunduki ikapasuka usoni mwake. Ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, anapima ngano kwenye ghala la nafaka, hana makuu na mtu. Alitembea peke yake mpaka barabarani, skafu imefungwa kichwani, na dereva wa lori aliyemchukua anasema alimwomba radhi kwa kuchafua kiti. Madaktari wa mji mkubwa walifanya walichoweza. Jicho la kulia halikupona, na akarudi kukaa kwa mamake.

Mimi najua uchungu wa dada yangu wiki zile, kwa kuwa nililala kwake. Alichukua risasi zote zilizobaki, akazifungua moja moja, akaipima baruti yake. Uzito ulikuwa sawa na aliouandika. Kwa macho ilikuwa baruti ile ile, punje ndogo za mviringo. Akapima tena. Akapima kwa mizani ya kuazima. Kila mara sawa.

"Mimi ndiye niliyezijaza," aliniambia. "Kosa silioni, lakini ni langu. La nani lingine?"

"Pengine ni bunduki, dada."

"Bunduki hiyo Lyle aliikagua mwenyewe miaka kumi na tisa. Usinibembeleze, Marlys. Nimempofua mwanangu."

Na mjini je? Wale wale waliokula chakula cha mkono wake tangu darasa la kwanza. Nilikuwa nimekaa kwa Bernice, pai mbele yangu, nikamsikia Vernon akisema kwa sauti ya watu wote, "Mpishi kazidisha chumvi." Wengine wakacheka chini kwa chini, wengine wakatikisa kichwa, na mmoja akasema ndiyo maana kazi nyingine zina wenyewe. Nilisimama nikawaambia maneno ambayo mchungaji alikuja kuniuliza baadaye. Duane alikuwa meza ile ile ya Vernon. Alikoroga kahawa yake. Duane hatii sukari wala maziwa, anakunywa nyeusi, lakini siku ile aliikoroga mpaka nikadhani kikombe kitatoboka.

Mwezi wa kumi na mbili Ardis alikuja kwetu na gari. Nyuma, ndani ya kreti ya maziwa, ilikuwa ile mashine.

"Chukua, Duane," alisema. "Ulisema kweli tangu mwanzo. Mwanamke peke yake ataifanyia nini."

Nilimtazama mume wangu. Nilingoja akatae, au angalau aone haya, aseme kaa nayo, shemeji, ni ya Lyle. Aliinua kreti akaipeleka gereji. Ardis akarudi garini mwake, na nilipomgongea kioo hakukishusha.

Wiki mbili mashine ilikaa gerejini. Duane aliifunga kwenye meza yake kwa boliti, akaifuta mafuta, na hakuitumia. Anaingia gereji, anakaa mbele yake, anatoka. Jumapili moja baada ya ibada nilimpelekea kahawa nikamkuta hivyo hivyo, mikono magotini.

"Inakushinda nini?" nilimuuliza. "Si ndiyo uliyoililia kabla Lyle hajapoa?"

"Marlys, haikuwa yeye."

"Haikuwa yeye nini?"

Akanieleza, macho yake kwenye chuma. Siku ile bomba lilikuwa linarusha maji. Aliogopa baruti italowa, akakiondoa kipimio, akaimwaga baruti yote ndani ya kopo lililokuwa karibu naye, rafuni, akidhani ndilo lake. Alipomaliza kumwaga ndipo akaona karatasi ya kopo. Ilikuwa baruti nyingine, ya bastola ya Lyle, ile inayowaka haraka, ambayo ndani ya bunduki kubwa hupasua mtutu. Makopo yale yanafanana, punje zinafanana.

"Ukafanya nini?"

"Nikarudisha kiasi kile kile kwenye kipimio. Nilidhani ya juu ndiyo itakayotoka kwanza. Ilikuwa bado haijachanganyika sana."

"Ulijua."

"Nilijua kidogo."

"Ulijua, Duane. Umezaliwa ndani ya mambo haya. Mtoto wa kwenu wa miaka kumi angemwaga vyote viwili kwenye bustani na kulia."

"Alisema nisiguse meza. Nilijua atanitukana. Nilisema nitamwambia kesho yake, na kesho yake akaniambia Signe keshaondoka. Halafu yakatokea. Sasa nikisema itasaidia nini? Jicho halirudi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Miaka thelathini na nane nimelala kando ya mtu huyu, nimemzalia, nimemfulia, na sikuwahi kumchukia hata dakika moja mpaka dakika ile. Kumwaga baruti ningeweza kumsamehe, mikono hukosea. Lakini kwa wiki tisa alimwangalia dada yangu akipima na kupima, akitafuta dhambi isiyo yake. Alimsikia Vernon. Kisha akaipokea ile mashine kwa mikono yake miwili.

Sikupiga kelele. Nilichukua spana ukutani nikaanza kufungua boliti.

"Unafanya nini?"

"Shika upande ule."

"Marlys, tuongee kwanza."

"Tumeshaongea. Shika, au nitaibeba peke yangu, na nikifika huko nitasema mimi, tena nitasema vibaya."

Akashika. Tuliiweka garini tukaenda, mitaa sita, na njia nzima alikuwa akifungua kinywa na kukifunga. Mimi nilikuwa nikiendesha kwa hasira mpaka nikapita alama ya kusimama bila kusimama, mbele ya mchungaji aliyekuwa akitoka kanisani.

Ardis alifungua mlango, aproni kiunoni, unga mikononi. Alikuwa akipika mikate ya viazi ya Krismasi, bapa, kama mama alivyotufundisha. Aliiona mashine mikononi mwa Duane akakunja uso.

"Nilikupa. Sirudishiwi."

"Shemeji," alisema Duane, akaishia hapo. Nikamsukuma kwa kiwiko. Akasema. Alisimama kwenye veranda, ile kreti kifuani, akasema yote: bomba, kopo, karatasi aliyoisoma akiwa amechelewa, kiasi alichorudisha, na kwamba alijua. Mwishoni kreti ilikuwa ikitetemeka, maana ni nzito, na hakuna aliyempokea.

Dada yangu hakusogea. Nilimwona akifuatisha kila hatua kichwani, tangu mwanzo mpaka ile namba ya mizani iliyomsumbua usiku na mchana, na nikaona inapopata jibu. Nilidhani atampiga. Nilitamani ampige.

"Wiki tisa," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikwenda mpaka kwa daktari kumuuliza kama macho yangu yanaharibika, sioni sawasawa kwenye mizani. Unajua hilo? Nililipia miwani mipya."

"Shemeji, naomba unisamehe. Nakuomba."

"Kuacha baruti kwenye kipimio ni kosa langu, hilo nalibeba mwenyewe. Hayo mengine usiniombe mimi. Mimi nina macho yote mawili." Alijifuta unga kwenye aproni, kidole kwa kidole, kisha akasogea kando ya mlango akaacha nafasi ya kupita. "Yuko chumba cha mbele. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, usiruke neno. Na ukikaa, kaa upande wake wa kushoto. Huko ndiko atakakokuona."