Tabaka Moja la Chokaa

Mkuu wa msafara wetu alitaka matabaka mawili ya mawe ya chokaa. Mimi nilihesabu moja.

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa ruksa. Kule Majengo, mjini Songea, nilijinunulia koti la mtumba nikalivaa hadi porini. Mwekezaji naye akapata ruksa ya kutafuta mahali pa kujenga tanuri la chokaa. Tukatumwa kupima ukingo wa korongo katika shamba la mama mmoja mjane. Chokaa ikiwa nyingi, angehamishwa. Alilijua hilo kabla hatujafungua mizigo.

Kazi unaianza chini. Unapanda na futi kamba, na jiwe linapobadilika unaandika unene, rangi, na visukuku, mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe. Unaandika kwa penseli, lakini hufuti. Ukikosea unapiga mstari mmoja, kosa libaki likisomeka, kisha unatia saini. Chuoni nilibishana na karibu kila kanuni. Hii sikuibishia.

Siku ya pili mama alituletea togwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmelipima na lile lililoanguka?"

"Lipi limeanguka?"

Akaonyesha kwa kidevu jiwe la chini, pana kuliko nyumba yake, nusu limefukiwa na udongo. "Hilo lilikuwa juu. Mwaka wa mvua kubwa likaja chini, likafunika migomba yetu."

Mkuu akacheka. "Mama, mawe haya yana mamilioni ya miaka. Wewe ulikuwepo?"

"Mawe sijui. Migomba niliipanda mimi."

Sikumwamini. Alikuwa na sababu ya kutaka chokaa iwe kidogo, kama mkuu alivyokuwa na sababu ya kuitaka iwe nyingi. Nikapiga magoti kutazama visukuku. Katika tabaka la juu, maganda ya kombe, madogo kama kucha, yalilala kifudifudi jinsi maji yalivyoyalaza. Katika jiwe la chini yalikaa chali, kama mabakuli. Ukanda mwembamba mwekundu uliokuwa chini ya tabaka la juu, huku chini ulikuwa juu ya jiwe. Nikapanda na kushuka mara tatu. Lilikuwa tabaka lilelile, limeanguka na kupinduka.

Jioni mkuu alisoma daftari langu mbele ya hema.

"Binti, ripoti ya kwanza imeshasema mawili."

"Aliyeiandika alitazama maganda?"

"Niliiandika mimi."

Dereva akaona afadhali akakague matairi.

"Mkataba wako unaisha mwezi huu," mkuu akasema, akanisukumia kifutio. "Futa."

"Daftari halifutwi. Ulinifundisha wewe, wiki yangu ya kwanza."

"Basi piga mstari."

"Piga wewe, mzee. Na utie saini."

Akaishika penseli. Nilimtazama, wala sikuinamisha macho kama nilivyolelewa. Hatimaye akairudisha katikati ya daftari, akaenda kunawa.

Mkataba wangu haukuongezwa. Nikarudi Songea, chumbani kwangu Mfaranyaki, na nyundo yangu, bila kazi, bila kujuta. Tanuri lilijengwa kwingine. Kama ni kwa ajili ya ukurasa wangu, sijui, na sitajisifu kwa nisichokijua.

Mwaka uliofuata nilipita kwa yule mama. Migomba michanga ilikuwa imelizunguka lile jiwe.

"Siku ile uliniamini?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Nilikwenda kutazama."

Akacheka mpaka akashika mlango, kisha akaingia ndani kuniletea togwa.