Niliogopa kupimwa usonji, mke wangu akabeba lawama

Wakuu niaje. Hii sijawahi kuambia mtu, na sitaongeza chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa stoo kwa godown moja, ghala la bidhaa, kule Industrial Area. Tuliishi mtaa wa Jericho, mimi, mke wangu Mutindi na msichana wetu Mwende.

Mwende alifika miaka mitano bila kuongea. Alikuwa anapanga vifuniko vya soda kwa mstari. Ukigusa kimoja, analia mpaka majirani wanatoka nje.

Tukampeleka hospitali. Siku ya majibu Mutindi alikuwa mgonjwa, nikaenda peke yangu.

Daktari, mama mmoja mpole, akasema ni autism. Siku hizi ndio inaitwa usonji, lakini enzi hizo sikuwa nimesikia hilo neno. Akanieleza: wenye hiyo hali hawatazami watu machoni, kelele huwachoma, wanataka kila kitu mahali pake.

Wakuu, ni kama nilijiona kwa kioo. Mtu alikuwa anaeleza ni mimi!

Kazini nilikuwa nakula lunch nyuma ya magunia kukwepa kelele za wenzangu. Harusi yangu mwenyewe nilijifungia choo mpaka wakanitafuta.

Daktari akaona vile simtazami machoni. "Baba Mwende, na wewe tukuangalie? Saa zingine hii kitu iko kwa familia."

Nikasema nitafikiria. Akaniandikia barua ya kwenda kwa mwenzake anayepima watu wazima.

Nyumbani nikamwambia Mutindi ya Mwende tu, barua nikakaa nayo miezi. Asubuhi nasema naenda, jioni nasema siendi. Bosi akisikia je? Na si watasema ni mimi nimeharibu mtoto?

Ndio mama yangu akaja kutoka ushago, kule kijijini. Akamwambia Mutindi mbele yangu, "Kwetu hakuna watoto wa hivi. Hii umetoka nayo kwenu."

Mutindi akaniangalia, akingoja niseme kitu.

Barua ilikuwa mfukoni mwa shati. Nikaangalia chini.

Mama akaanza kumzungusha Mutindi kwa maombi. Anafunga siku tatu bila chakula, anatubu makosa hajafanya. Alikonda nikimwona. Mwaka uliofuata akachukua Mwende, wakarudi kwao Kitui. Barua nikaichoma kwa jiko.

Mwaka jana ndio nilipata nguvu ya kumpigia simu. Nikamweleza yote. Akaniuliza:

"Ulikuwa unajua?"

"Nilishuku."

"Na ukaniacha nifunge?"

Akakata. Tangu hiyo siku hashiki simu yangu. Simlaumu.

Nilichojifunza: ukikataa kujua, kuna mtu karibu na wewe atalipa. Kama unajishuku, nenda mapema.

Mimi niko sitini na kitu na bado sijaenda. Mwende ni mtu mzima, labda ananikumbuka kwa picha tu. Sijui karatasi ya majibu itanifanyia nini saa hii.

Kuna mwenye alipimwa uzeeni? Ilimsaidia na nini? Andikeni tu. Hata matusi nitasoma.