Kumcheza Mwalimu Fabiani

Usiku ule wa kuamkia arobaini ya Mwalimu Fabiani nililala na viatu miguuni. Nilikuwa nyumbani kwake, sebuleni, juu ya mkeka, kati ya wajomba zake wawili waliotoka Songea kwa ajili ya shughuli. Begi langu lilikuwa chini ya kichwa badala ya mto. Nilikuwa nimeamua: asubuhi nitavaa koti la marehemu, nitamcheza mbele ya watu wote, nitamwaibisha, kisha nitaondoka mjini kabla sufuria hazijaoshwa. Kuondoka nakujua. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo sijamaliza miaka miwili mahali pamoja.

Mimi ni Mhehe, yeye alikuwa Mngoni. Babu zetu walipigana, na vita vilipokwisha ukabaki utani. Mhehe anaweza kumwambia Mngoni neno lolote, popote, hata msibani, na Mngoni haruhusiwi kukasirika. Naye Mngoni vivyo hivyo. Mmoja akifa, mtani wake huvaa nguo zake, hutembea mwendo wake, husema kwa sauti yake, ili wafiwa wapate kucheka kidogo katikati ya kilio.

Alikuwa akifundisha mwili na sauti katika chuo cha sanaa, upande wa maigizo. Mimi nilifika pale kama kibarua wa kupaka rangi jukwaa. Kila darasa lake lilipoanza niliacha brashi nikachungulia dirishani, na akitoka nilimfuata kwa maswali: kwa nini wanalala sakafuni, kwa nini wanapumua kwa kelele vile, ni nani aliyegundua kwamba hasira hukaa magotini? Siku moja aliniuliza kabila langu. Nilipomjibu akasema, "Afadhali. Nilikuwa natafuta mtumwa."

"Mtumwa wa Mngoni hulala njaa," nilimwambia. "Bwana mwenyewe anaombaomba."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Wiki iliyofuata nilikuwa ndani ya darasa, kwenye kozi ya mwaka mmoja isiyodai cheti.

Kuendelea na stashahada kulidai cheti cha kidato cha nne, au barua ya mwalimu ya kukuombea. Mwaka ulipokaribia kwisha aliniambia, "Barua yako nimeshaipeleka, Mhehe. Lala usingizi." Nililala usingizi. Siku chache baadaye moyo wake ulisimama asubuhi, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu.

Pale makaburini nilimcheza kama sijawahi kucheza kitu maishani. Nilishusha bega la kushoto kama lake. Nilivuta suruali juu kwa mikono miwili, kama alivyofanya kila alipotaka kusema jambo zito, nikawakemea wachimba kaburi kwa sauti yake: "Nyie, chimbeni kwa pumzi. Mnachimba kwa mabega, mtachoka kabla ya onyesho." Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Mama Bahati, mjane wake, alimwangukia dada yake kwa kicheko. Nilijiona mtu.

Wiki tatu baadaye karani wa chuo akanifungulia faili langu. Barua ilikuwa fupi. Niliazima kalamu yake nikainakili kwenye kiganja ili nisije nikajidanganya kuwa nilisoma vibaya. *Ana kipaji kikubwa cha kuiga watu. Cha kwake mwenyewe sijakiona. Sishauri aendelee.* Chini, saini yake yenye mkia mrefu.

Kukataliwa nimezoea. Lakini duniani pana mtu mmoja tu anayeruhusiwa kukwambia lolote usoni bila wewe kukasirika, na huyo ndiye aliyeniandika nyuma ya mgongo wangu. Kisha akaniacha nimlilie kwa kumcheza.

Jioni ya kuamkia arobaini Mama Bahati aliponipimisha koti alisema, "Mtani, kesho unichekeshe vizuri. Tangu tumzike sijacheka tena." Nilimwangalia machoni nikasema, "Ndiyo, mama."

Sijui nilipitiwa na usingizi saa ngapi. Najua mkeka ulikuwa ukinichoma mgongo, halafu ukawa laini na wa baridi, nikatambua kuwa nimelala juu ya mbao za ukumbi wa mazoezi. Wajomba hawakuwepo. Kulikuwa na mwanga, lakini si wa jua wala wa taa, na vumbi lilisimama hewani bila kushuka.

Mwalimu Fabiani aliingia amevaa viatu. Hilo ndilo lililonitisha, maana yeye ndiye aliyekuwa akimtoa nje mtu yeyote aliyekanyaga mbao zile na viatu. Kamba zilikuwa hazijafungwa. Zilimfuata nyuma zikiacha alama ya udongo mwekundu.

"Nicheze," alisema.

Nikasimama. Nilimcheza. Bega, suruali, kikohozi cha mara mbili kabla ya kusema. Alinizunguka polepole akinitazama, na mdomo wake ukaanza kucheka, na mimi nikafurahi. Naona aibu kuliandika hilo, lakini nilifurahi.

"Mwingine," akasema.

Na sasa niko sokoni Njombe, ninasukuma mkokoteni wa viazi, ninamwiga mama muuza viazi anavyomlaani mteja anayeondoka bila kununua. Mwalimu amekaa juu ya gunia, anacheka. "Mwingine." Niko darasani katika shule yetu ya zamani, nina miaka kumi na mitano, ninamwiga mwalimu wa hesabu anavyotembea na fimbo nyuma ya mgongo. Darasa zima linapiga meza kwa kicheko. Mwalimu wa hesabu amesimama nyuma yangu, mimi sijui. Ndiyo siku niliyotoka getini nisirudi. Mwalimu Fabiani amebanana na wanafunzi kwenye dawati la nyuma, magoti yake yamegonga kidevu, anafuta machozi ya kicheko.

"Mwingine," anasema.

"Wamekwisha," ninamwambia.

Anaacha kucheka. Ninamwonyesha kiganja, na maneno yako pale pale, wino haujafutika.

"Kwa nini uliandika hivi?"

Anavuta suruali juu kwa mikono miwili. "Nilikwambia."

"Hukuniambia."

Anageuza uso, na sasa tuko kantini ya chuo, kwenye ile meza yenye mguu mfupi, chai mbili mbele yetu. Ninaikumbuka siku hii. Wanafunzi wenzangu wametuzunguka wakisubiri vituko vyetu kama kawaida. Yeye anachovya mandazi ndani ya chai, ananielekezea.

"We Mhehe, wakitolewa watu wote uliowabeba tumboni, anabaki nani humo? Gunia tupu."

Ninajua nilichojibu siku ile. Nilisema gunia hilo ni la kubebea mifupa ya Wangoni waliokimbia vita, na kantini nzima ikapasuka, na yeye akanipigia makofi. Ninafungua mdomo niseme hivyohivyo. Sauti haitoki. Wenzangu wananitazama, hakuna anayecheka, na yale maneno yake yamebaki mezani kati yetu, hayana kicheko cha kuyafunika. *Anabaki nani humo?* Anarudia tena, siku nyingine, ngazini: "Kasuku wangu huyu, nitamfungulia mlango na hatajua pa kwenda." Anarudia tena, tunapishana bombani: "Jana umemcheza marehemu baba yako vizuri. Lini utamlilia wewe mwenyewe?" Yote nayakumbuka. Yote niliyajibu, na kila jibu lilikuwa zuri kuliko la mwanzo.

"Ulisema kwa utani," ninamwambia.

"Nilisema."

"Mtu akisema kwa utani, hapo amesema?" ninamuuliza. "Nani anayesikiliza utani?"

"Hakuna," anasema. "Ndiyo maana nilisemea humo."

Hapo ndipo nilipotaka kumpiga. Katika ndoto mkono ulikuwa mzito kama umelowa. Nilimwambia kwamba nilimwamini. Kwamba nilikuwa nimemwandikia mama yangu Iringa kuwa nimepata pa kukaa. Kwamba angenivuta pembeni siku moja tu, mlango umefungwa, aniambie, "Kijana, bado," ningekasirika, ningelia, lakini ningebaki nikafanya kazi.

"Ungeondoka," alisema. "Nami nilipenda unichekeshe."

Aliyasema haya akiangalia kamba za viatu vyake. Hakuomba radhi. Nilingoja aombe, nikangoja, na vumbi lile halikushuka.

"Basi kesho nitavaa koti lako," nikamwambia. "Nitaisoma barua hii kwa sauti yako. Mkeo atasikia, wajomba zako watasikia, chuo kizima kitasikia."

"Watacheka."

Na kweli niko uani kwake. Turubai limefungwa, viti vimejaa, wali unanukia. Nimevaa koti. Ninasoma kiganja changu kwa sauti yake, neno kwa neno, na watu wanacheka. Ninasema, jamani, hii ni kweli, aliandika kweli, nendeni chuoni mkaulize. Wanacheka zaidi. Mjomba mmoja amelala chini. Ninalia, machozi ya kweli, yananiingia mdomoni, na Mama Bahati ameshika mbavu anasema, "Mhehe huyu, hata kulia analia kama Fabiani." Ninavua koti, nalitupa chini. Wanapiga makofi. Hakuna ninachoweza kufanya wasikione kuwa ni mchezo.

Ninamtafuta yeye. Yuko mstari wa nyuma kati ya waombolezaji, kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Katika watu wote wale yeye peke yake hacheki. Ananitazama muda mrefu, kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wengine, wale ambao hakuwahi kuwatania.

"Sema ukiwa umekaa," ananiambia.

Nikaamka.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Wajomba walikuwa wakikoroma, mmoja kila upande. Nje nilisikia kuni zikipasuliwa na wanawake wakiulizana chumvi imewekwa wapi. Hasira yangu ilikuwa vilevile, haikupungua hata kidogo. Ninasema hili kwa sababu watu nikiwasimulia hudhani kwamba tulipatana. Hatukupatana. Aliniachia maneno matatu tu, mafundisho ya jukwaani kama yale aliyokuwa akitupa kila siku, na nilikaa kwenye mkeka nikiyageuza. Mtani husema akiwa amesimama. Husimama, hucheza, huzunguka, na watu wakimwona amesimama wanaandaa kicheko. Mwenye jambo lake hukaa.

Nikavua viatu.

Mama Bahati aliingia na sinia la vikombe kuwaamsha wageni. Aliponiona niko macho akatabasamu. "Mtani, umewahi. Njoo ujaribu koti, nimelipunguza mikono."

"Mama, njoo ukae kidogo."

"Ee, tumeshaanza," akasema, akacheka, akawageukia wajomba kama kuwaita waje kuona. "Amkeni, Mhehe kaanza kabla ya chai."

Bega langu la kushoto lilitaka kushuka lenyewe. Nililiacha mahali pake. Mikono ilitaka kuvuta suruali, nikaikalia. Nilimtazama tu, kwa uso ule ninaokuwa nao nikiwa peke yangu, ambao hata mimi siujui vizuri. Kicheko chake kilikaa mdomoni kikisubiri, kisha kikapungua, kisha kikaisha.

"Leo sitamcheza Mwalimu," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba na yenye mikwaruzo. Haikuwa ya mtu yeyote niliyewahi kumwiga. "Nina hasira naye, mama. Nataka nikwambie kwa nini."

Aliweka sinia sakafuni. Akawaangalia wajomba waliokuwa wakijinyoosha, akawaambia watoke nje wakanawe. Halafu akakunja khanga yake magotini, akakaa mkekani, mbele yangu.