Kriketi Barazani kwa Mzee Salehe

Tangu Jumapili sipiti njia ya Mzee Salehe, jirani yangu wa Viwanja Sitini. Kriketi alifundishwa na mafundi Wahindi wa kiwanda cha sukari. Mwaka huu mzima wa 1997 tumefuatilia redioni matokeo ya wanaume na wanawake, na timu yake ya Wahindi ikifungwa huzima redio akanuna barazani.

Asubuhi hiyo nilimkuta barazani na wazee wenzake, redio kimya. Nikaketi nikicheka.

"Shikamoo mzee. Hata akina mama wamefungwa? Wazike tu, tusubiri msimu mwingine."

Mwanawe Mzee Salehe akaniinamia.

"Mama amefariki alfajiri," akasema taratibu. "Kwani wewe ni mtani wetu, hata ututanie msibani?"

Nilitamani sana kuitikia ndiyo.