Mume Aliyekuja Kliniki

Mwaka wa 2007 nilikuwa na mimba ya kwanza, tukiishi Kamere, ukingoni mwa Ziwa Naivasha. Jirani yangu katika ploti ya vyumba vya kupanga alikuwa na mimba kama yangu, na shamba la maua tulilofanyia kazi lilikuwa moja. Tukaomba ruhusa pamoja twende kliniki. Mume wake akaja naye. Wangu alisema kliniki ni mambo ya wanawake.

Kwenye benchi hakukuwa na mwanamume mwingine. Alikaa amepakata kibeti cha mkewe bila haya. Sista akatueleza kwamba tutatolewa damu ya kupima kaswende, na itakayobaki itapelekwa bila majina, serikali ijue ni wajawazito wangapi wana virusi vya UKIMWI. Hakuna atakayejua ni damu ya nani. Anayetaka kujua hali yake mwenyewe, aingie chumba cha pili.

Wale wawili waliingia pamoja. Mimi niliingia peke yangu, nikatoka na majibu mazuri, na sikuwa na wa kumwambia.

Jioni, tukichota maji, jirani aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wote wawili wanavyo. Nilimpa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha nikamuuliza mumewe alisema nini.

"Alisema tumeingia wawili, tutatoka wawili."

Hapo wivu ukanishika. Mimi niliyeambiwa niko salama, nikamwonea wivu yeye.

Nilimwomba mume wangu naye akapimwe. Hakuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Si wewe umepimwa? Kama uko sawa, mimi niko sawa."

Sikumwomba tena. Lakini nilikuwa nawaangalia wale wawili kila siku: mwanamume akifua nguo mbele ya wenzake, akimkumbusha mkewe dawa, akimsindikiza kliniki hata mvua ikinyesha.

Tulijifungua salama sote. Mwaka uliofuata, ghasia za baada ya uchaguzi zilipotulia, mtoto wao alipimwa akapatikana hana virusi. Baba yake alimzungusha ploti nzima akisalimia watu, bila kusema sababu. Mimi niliijua. Nilikuwa naanika nguo, mtoto wangu akiwa mgongoni. Nikampokea yule mtoto, nikambusu, nikampongeza baba yake. Kisha nikaingia ndani, nikafunga mlango, wasiuone uso wangu.