Hodi Isiyosikika

Usiku ule nililala bila kumjibu Rukia, mwigizaji wa redio aliyekubali kuwasemea wahusika wa mchezo wetu wa simu. Alitaka neno moja tu kwangu: ndiyo au hapana. Nilikuwa nimehesabu mistari ya kusemwa, mia nne na kumi. Nikarudia, ikawa mia nne na kumi na mmoja. Hesabu inayoongezeka ukiitazama siipendi.

Mchezo tuliubuni wawili, mimi na Zainabu. Msichana anapeleka sahani za futari kwa majirani kumi na wawili, kila mlango anapiga hodi. Maneno yote yanasomwa kwenye kisanduku kilicho chini kwenye kioo cha simu. Zainabu alitaka yasikike.

"Shoga, hodi gani hiyo ya kusomwa?"

"Sauti zinakula nafasi. Simu za watu zitajaa."

"Bahili wewe! Hata pumzi unatubania?"

Akajirekodi hodi za majaribio. Nikazifuta, kuokoa nafasi. Miezi miwili baadaye tukamzika. Nafasi niliyookoa ipo mpaka leo. Nimeikagua mara mbili.

Ndotoni nilikuwa chumbani petu pa kazi, nikihesabu sahani. Chumba kikawa sebule ya kwao, mikeka ya msiba bado imetandikwa. Kisha kuta zinageuka zile nilizozichora mwenyewe, na mbele yangu umesimama mlango wa mwisho wa mchezo. Nachungulia kwenye ufa. Zainabu yuko nje, kashika sahani iliyofunikwa kawa. Midomo yake inacheza, sauti hakuna. Herufi zinapenya chini ya mlango, zinajipanga miguuni pangu: *Hodi.*

"Karibu!" nasema. Nami natoa herufi tu. Zinaganda kwenye mbao, upande wangu.

*Hodi.*

Natafuta kitasa. Nilikichora upande wa nje peke yake, kupunguza kazi. Yeye haingii bila kukaribishwa, hakulelewa hivyo. Anatega sikio mlangoni. Namwona anavyosubiri.

*Hodi.*

Ya tatu hiyo. Nimehesabu, na safari hii sithubutu kurudia.

*Labda hakuna mtu.*

Nipo, shoga, nipo! Mbao zimejaa maandishi. Zainabu anaiweka sahani kizingitini, anajifunga mtandio vizuri, anageuka.

"Karibu!"

Sauti yangu mwenyewe ndiyo iliyoniamsha.

"Unamkaribisha nani saa hizi?" mama akauliza kutoka chumba cha pili.

"Mgeni, mama. Keshaondoka."

Nikachukua simu, nikamwandikia Rukia: "Ndiyo, njoo. Zisikike zote. Ila hodi ya mlango wa mwisho iache kimya, ina mwenyewe. Neno 'karibu' la kuijibu nitalisema mimi."